Mashine Inayofunguka

Wageni wanaoingia sebuleni kwangu mara ya kwanza huuliza hilo dude ni nini, na wakishajibiwa huuliza kama lina Bluetooth. Halina. Halina rimoti wala redio ndani yake, halichomekwi fleshi, na halina taa za kuchezacheza muziki unapokolea. Ni sanduku zito lenye uso wa alumini, vitufe vya kuzungusha na swichi za kupandisha na kushusha, na kazi yake ni moja: kupokea sauti dhaifu kutoka kwenye chombo kingine, kuikuza, kisha kuisukuma kwenye spika mbili. Ni amplifaya ya Sansui ya miaka ya 1970. Ilitengenezwa Japani, ikatumika huko, ikaja Unguja na kontena la mitumba, nami nikaikuta Darajani imebanwa kati ya jokofu na rundo la baiskeli. Namba ya modeli sitaitaja. Wakusanyaji wakishaisikia, bei hupanda.

Sansui ilianza Tokyo katika miaka ya 1940 kwa kutengeneza transfoma, na ukiinua mashine yao utaamini, maana mikono yako itavutwa upande ilikokaa transfoma. Miaka ya 1970 ndiyo ilikuwa enzi yao. Wao na Pioneer, Kenwood na wenzao walishindana kuongeza wati, kupunguza makelele na kushusha bei, na ushindani huo ukawapatia watu wa kipato cha kawaida mashine zilizotengenezwa kwa uangalifu ambao leo unalipiwa ghali sana. Baadaye soko likahamia kwenye vitu vidogo, kampuni ikayumba, na mwaka 2014 ikafilisika. Jina bado linabandikwa kwenye televisheni zinazotengenezwa na wengine.

Nilichokuwa natafuta hasa si Sansui. Nilikuwa natafuta njia ya kusikiliza sanduku la santuri alizoacha marehemu baba. Zilikuwa zimekaa juu ya kabati tangu gramafoni yake ilipokufa, na kila tulipohama nyumba tulihama nazo, kama tulivyohama na vyeti. Humo mlikuwa na NUTA Jazz, Franco, taarabu ya Unguja, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro kwa wingi kuliko wote, santuri ndogo za nembo ya Polydor zilizotoka Nairobi. Muziki wa Morogoro ulikwenda Nairobi ndiyo urudi Dar es Salaam ukiwa santuri. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, baba aliacha kuziazimisha. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa.

Sasa, santuri haichezwi kwa kifaa chochote tu. Sindano inapopita kwenye mfereji huzalisha umeme wa milivolti chache, mdogo mno kwa tundu la kawaida la redio. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sauti iliyochorwa kwenye santuri imepindwa makusudi. Besi imepunguzwa ili mfereji usitanuke ukala nafasi, na sauti nyembamba zimeongezwa ili zishinde mkwaruzo. Kipimo cha kupinda huko kiliafikiwa na viwanda mwaka 1954, na amplifaya yenye tundu lililoandikwa Phono huikunjua sauti kwa kipimo hichohicho kinyume chake. Mashine nyingi za leo hazina tundu hilo. Za miaka ya 1970 karibu zote zinalo, tena mara nyingine mawili. Ndiyo maana nilikwenda kutafuta ya zamani. Sikuwa na mapenzi na ukale.

Mwenye duka pale Darajani, kijana mstaarabu, hakukubali kuiwasha.

"Mzee, hii ni ya Japani yenyewe, umeme wake mia," alisema, akaigeuza anionyeshe maandishi ya nyuma. "Nikiichomeka hapa inakufa, na wewe huinunui, na mimi sina mashine."

Alikuwa sahihi. Japani hutumia volti 100. Sisi ni 230. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje aghalabu zina kiteuzi nyuma cha kuchagua volti, lakini zile za soko la ndani ya Japani, ambazo ndizo zinazotufikia kwenye makontena pamoja na magari, hazina. Nina hakika nyingi zinazotupwa huku kwetu kwa jina la "mbovu" zilikuwa nzima kabisa siku zilipoteremshwa bandarini, zikauawa na mtu aliyebadilisha plagi tu. Kijana yule alinipunguzia bei kwa sababu hakuweza kunihakikishia chochote, nami nikalipa. Mchukuzi akaibeba begani hadi kwenye boti ya kurudi Dar es Salaam.

Fundi niliyempelekea ana kibanda upande wa Gerezani, kisichokuwa na bango. Kinachokitambulisha ni redio zilizopangwa hadi darini na harufu ya risasi ya kuchomea. Alianza kazi enzi za redio za Philips zilizokuwa zikiunganishwa Arusha, na za National zilizotumia betri zilizotengenezwa hapahapa Dar es Salaam. Ananiita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyostaafu, nami namwita Fundi, na sijawahi kumsikia mtu akimwita vinginevyo.

Nilimwomba tuichomeke kwa transfoma ya kushusha umeme iliyokuwa kwenye rafu yake, angalau tusikie.

"Mwalimu, mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu humwinui ukamwambia kimbia," alisema. Akachukua bisibisi.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda mashine yenyewe. Bati la juu lilishikiliwa na skrubu za kawaida, zinazofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ndani, kila waya ulikuwa na rangi yake na umefungwa mahali pake, kila kipande kimeandikwa herufi na namba kwenye ubao, na transista zina majina ya kusomeka: 2SA kwa aina moja, 2SC kwa aina ya pili, kwa utaratibu ambao viwanda vyote vya Japani viliufuata. Aliyeiunda alijua kwamba siku moja mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, ataifungua. Akamwachia njia. Kati ya ubao wa umeme na bati la kupozea palikuwa na mjusi aliyekauka. Fundi alimtoa kwa kibano bila mshangao wowote. Mijusi hufuata joto, akasema, na sijui huyo alikuwa raia wa Japani au wa Unguja.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya polepole, na nimeihudhuria kiasi cha kuweza kuisimulia. Kwanza alipiga brashi vumbi lote. Kisha akasafisha swichi na vitufe kwa dawa, kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula shaba. Ndiyo inayofanya kitufe cha sauti kikwaruze unapokizungusha, au upande mmoja wa spika unyamaze mpaka upige meza. Watu wengi husikia mkwaruzo huo wakadhani mashine imekufa. Mara nyingi ni uchafu tu.

Pili, akaunganisha balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya unaowaka, kati ya umeme na ile transfoma ya rafuni iliyolisha amplifaya. Hili ni somo la kila fundi wa kale. Kama ndani kuna mahali umeme umekatiza njia, balbu itawaka kwa nguvu zote na kuumeza umeme wenyewe, na mashine isidhurike. Kama ndani ni salama, balbu itawaka kidogo wakati kapasita kubwa zinajaa, kisha itafifia. Tuliitazama ile balbu wote wawili. Ikawaka, ikafifia. Baada ya sekunde chache tukasikia "tak" ndani ya sanduku: swichi ya kinga inayozichelewesha spika mpaka umeme wa ndani utulie.

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini hakuunganisha spika. Akachukua mita akapima matundu ya spika, kwa kuwa amplifaya iliyoharibika inaweza kutoa umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, ambao haufanyi sauti yoyote bali huichoma koili ya spika. Upande wa kushoto ulikuwa salama. Wa kulia ulizidi. Kapasita kadhaa, akasema. Kapasita za aina ile zina majimaji ndani, na miaka ikipita hukauka, iwe mashine imetumika au haikutumika.

Nilikuwa nimesoma ushauri wa wapenzi wa mashine hizi wa Ulaya na Marekani kwamba kapasita zote zibadilishwe kwa mkupuo. Fundi hakukubaliana nao. Kilichopima vizuri alikiacha. Sababu yake ilikuwa ya mtu wa Kariakoo: sokoni zipo kapasita bandia, ganda kubwa lenye kapasita ndogo ndani, lililovikwa jina la kampuni yenye heshima. Kutoa kipande halisi cha Japani kinachofanya kazi na kuweka cha kubahatisha ni hasara. Alibadilisha zilizochoka tu, akarekebisha mkondo wa transista za mwisho kwa kuzungusha vidude viwili vidogo huku macho yakiwa kwenye mita, akaiacha iwake mchana kutwa, akapima tena.

Ikabaki transfoma. Ile ya rafuni ilitoa volti 110, na Fundi hakutaka mashine ya 100 iishi na zaidi kila siku, hasa kwa umeme wetu unaopanda na kushuka. Akanipeleka kwa jirani yake anayesuka mota za pampu na feni, akamwagiza asuke transfoma ya volti 100 kamili. Hiyo ndiyo iko chini ya meza yangu hadi leo, haina jina, ina rangi ya vanishi, na hupata uvuguvugu kidogo tu. Ukijumlisha kusukwa kwa transfoma na kazi ya Fundi, nililipa Gerezani zaidi ya nilivyolipa Darajani. Sioni kwamba ni vibaya. Bei ya mashine ya zamani ni nusu. Nusu ya pili ni fundi. Asiye na fundi asinunue.

Spika nilizikuta kwa jirani, za mbao, ukingo wa povu kwenye koni umeoza kwa unyevunyevu hadi unamong'onyoka kidoleni. Hizo nazo, pamoja na gramafoni ya baba, zikaenda kufanyiwa kazi. Sitakuchosha nazo.

Santuri ya kwanza ilikuwa ya Mbaraka, bila shaka. Nyimbo nyingi za bendi zetu za wakati ule zilirekodiwa kwa mono, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na nilidhani stereo haitaniongezea kitu. Nilichosikia ni kwamba sauti ilikuja ikasimama katikati, pale ambapo hapana spika, kwenye ukuta mtupu uliokuwa na kalenda. Gitaa la solo lilikuwa mbele. La pili liko nyuma yake kidogo, na besi, ambayo katika redio ndogo ya utoto wangu haikuwepo kabisa, ilikuwa inatembea kwa njia yake yenyewe chini ya wote. Redio zile zilikuwa na spika ndogo kama mdomo wa kikombe. Hazikuweza kutoa besi hata zingetaka. Kizazi changu kizima kimekua kikidhani kinaujua muziki huo, kumbe tulisikia nusu ya juu tu. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika kwenye simu, kisha uisikilize kwenye spika za kutosha, umsikie Tom Malanga na besi yake. Wimbo mzima umekalia besi ile.

Mama yangu, ambaye naishi naye, alikuja akasimama mlangoni na upawa mkononi.

"Kumbe, baba, hawa waliimba wawili?"

Wimbo ule ameuimba tangu ujana wake. Akakaa. Siku hizi jioni huchagua yeye, na taarabu ndiyo inayoshinda kura, kwa sababu anasema fidla na udi sasa havigombani tena.

Tunasikiliza kwa sauti ndogo kwa ajili yake na majirani, na hapa kuna kitufe kimoja ambacho nilikidharau mwanzoni, kilichoandikwa Loudness. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell za Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu huwa zito kwa besi pale sauti inapokuwa ndogo. Ukipunguza sauti, besi hupotea kabla ya vingine. Kitufe kile huirudisha. Amplifaya nyingi za zamani zinacho, na mtu akishakielewa huacha kufungulia muziki hadi mtaa wa pili ili tu aisikie besi.

Jambo hilo linanirudisha kwenye wati, ambako huwa nagombana na vijana wangu. Sanduku la sabufa mpya huandikwa PMPO, wati elfu tatu, elfu tano. Hakuna kipimo kilichoafikiwa popote cha PMPO. Kila kiwanda huandika namba inayokipendeza. Pindua sabufa hiyohiyo usome kibandiko kidogo cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani: utakuta wati 60, pengine 40. Hakuna mashine inayotoa kwa kuendelea zaidi ya inachokula. Sansui yangu imeandikwa wati thelathini na kitu kila upande, na mita ya Fundi ilikubali. Na thelathini ni nyingi! Spika ya kawaida ya nyumbani, kwa wati moja tu, hutoa takriban desibeli 88 hadi 90 ukiwa umbali wa mita moja, na hiyo ni sauti ya kumfanya mtu apaze sauti akizungumza. Ukiongeza wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sauti ionekane kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo jioni nyingi mimi na mama tunatumia chini ya wati moja.

Siwaungi mkono hata hivyo wanaosema mashine hizi zina sauti ya miujiza. Amplifaya nzima ya mwaka 1975 na amplifaya nzuri ya leo, zikiwa kwenye spika zilezile kwa sauti ileile, watu wachache wangezitofautisha bila kuangalia. Kinachobadilisha sauti kuliko vyote ni spika, na baada ya spika ni chumba. Sebule zetu za vigae, kuta za saruji tupu na dirisha la vioo hurudisha sauti hadi maneno yanaparaganyika. Zulia, makochi na mapazia mazito yalinipa zaidi ya kapasita zote za Fundi. Sogeza pia spika kutoka pembeni mwa chumba, maana pembe huvimbisha besi. Hiyo ni bure.

Ugomvi mmoja uliobaki nyumbani ni wa kitambaa. Mama hufuma, na kwa desturi ya nyumba zetu kila chombo cha heshima huvalishwa kitambaa juu: televisheni, redio, jagi la maji. Amplifaya hupumua kupitia matundu ya bati la juu. Ukiyafunika, joto hubaki ndani na kapasita hukauka upesi. Tulielewana kitambaa kikae juu ya gramafoni. Umeme ukikatika, mimi huzima swichi na kuchomoa plagi, kwa sababu umeme unaporudi ndipo unapokuja na kishindo. Vyuma vya Kijapani vinavumilia mengi, ila hicho hapana.

Nilimuuliza Fundi nani anajifunza kwake. Hakuna. Vijana wanakwenda kwenye simu, na siwalaumu. Simu zinaleta wateja kila saa, na kazi ya amplifaya inachukua siku kisha mwenye nayo analalamika bei. Lakini sabufa wanazoletewa ni za kubadilishwa ubao mzima, au hazina ubao wa kubadilisha, na kijana anayefanya hiyo tu hajifunzi umeme unapita wapi na kwa nini. Katika mashine kama yangu angejifunza, kwa kuwa kila hatua inaonekana kwa macho na inapimika kwa mita ya bei ndogo. Walimu wa vyuo vya ufundi wangefanya vyema kuziweka mezani mbele ya wanafunzi.

Mtaani kwetu hupita wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani. Amplifaya za zamani wanazipenda, kwa shaba iliyo ndani ya transfoma na alumini ya bati la kupozea, na wanazinunua kwa kilo. Kama ipo moja stoo kwa baba yako au kwa shangazi yako, usiipeleke kwenye mizani. Soma kwanza nyuma yake imeandikwa volti ngapi, usiichomeke, na mpelekee fundi anayeanza kwa bisibisi na balbu.